Vidonge vya Mfukoni

Nyumbani kwetu kila kitu kilichemshwa. Vijiko vilichemshwa, vitambaa vya jikoni vilichemshwa, na kila Jumamosi hata kamba yangu ya kuruka ilichemshwa, mpaka mipini yake ya plastiki ikapinda. Bibi, mama mzazi wa mama yangu, alikuwa akisema anaogopa kusinzia kitini asije akaamkia ndani ya sufuria.

"Mama, acha utani," mama alimwambia. "Mdudu hana utani."

Kila asubuhi kabla sijaenda shule, mama alisimama mlangoni kama askari wa zamu.

"Mikono?"

"Nimenawa."

"Kucha?"

"Nimekata."

"Mdudu ana mlango?"

"Hana mlango!" nilijibu kwa sauti, ndipo akaniachia nipite.

Mama alikuwa dobi wa hospitali. Usifikirie karai na kamba ya kuanikia. Nyuma ya hospitali kulikuwa na chumba kikubwa chenye mashine nane, kila moja inaweza kumeza mashuka hamsini kwa mara moja, na mvuke ulijaa humo tangu alfajiri. Mama alifanya kazi kwenye meza ya kuchambulia. Nguo chafu zilifika kwenye mikokoteni, naye akazigawa: mashuka huku, nguo za upasuaji kule, makoti meupe ya madaktari na wauguzi pale. Kabla koti halijaingia mashinani, lazima mifuko yake ikaguliwe. Kalamu moja ikisahaulika mfukoni, makoti arobaini hutoka na mabaka ya bluu, na siku hiyo utamsikia Bwana Pasi.

Bwana Pasi alikuwa msimamizi wao. Walimpa jina hilo kwa sababu suruali yake ilikuwa na mkunjo uliosimama wima, hata kwenye joto lile. Ukutani, juu ya meza ya kuchambulia, alikuwa amebandika sheria kwa herufi kubwa: KILA KITU CHA MFUKONI KIANDIKWE DAFTARINI NA KIRUDISHWE. Funguo, miwani, hata peremende iliyoyeyuka.

"Kitu kilichofichwa mfukoni, hata kiwe kidogo, huharibu mashine nzima," mama alizoea kutuambia kila akirudi kutoka kazini, akiiga sauti nzito ya Bwana Pasi mpaka Bibi anashika mbavu.

Mimi shuleni waliniita Sabuni. Kama walidhani jina lile litaniudhi, walikula hasara. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na hakuna msichana wa timu ya shule aliyeniweza kwa kuruka kamba. Miruko mia mbili bila kukosea! Rafiki yangu Kijiti, mwembamba na mwenye maneno mengi, ndiye aliyekuwa akihesabu, naye akifika mia mbili sauti ilikuwa imemkauka kabla miguu yangu haijachoka.

Sasa niwaambie habari za kopo.

Juu ya kabati la jikoni kulikuwa na kopo la biskuti lisilo na biskuti. Ndani yake mama aliweka vidonge alivyovikuta kwenye mifuko ya makoti: pakiti yenye vitatu hapa, yenye viwili pale, vilivyosahauliwa na wauguzi waliokuwa na haraka. Kalamu alirudisha. Funguo alirudisha. Vidonge vya kuua bakteria, hivyo aliviweka kwenye mkoba.

"Wangevitupa tu," alisema. "Na kutupa dawa ni dhambi. Lakini sikiliza, mwanangu. Haya ni mambo ya ndani. Yakitoka nje, mama yako hana kazi, na sisi hatuna chakula. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Mara ya kwanza nilipewa kidonge kwa sababu tumbo liliniuma baada ya kula maembe mabichi. Kilikuwa kidonge cha rangi mbili, nyekundu na njano. Asubuhi nikaamka mzima. Mama alifurahi kama mtu aliyelitoa doa sugu.

"Umeona? Kimesafisha!"

"Hata bila hicho angeamka mzima," Bibi alinong'ona. "Maembe mabichi huwa yanapita yenyewe." Hakuna aliyemsikiliza.

Tangu siku ile, tumbo likiguna kidogo tu, nilimeza. Kisha nikajiongezea akili yangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipopotea. Nilijiambia: kama kidonge kinamponya mgonjwa, basi mzima akimeza kabla ya mazoezi hataugua kabisa. Nikawa napanda juu ya stuli mama akiwa kazini, nachukua kimoja leo, kimoja keshokutwa.

Halafu likaja suala la maharage. Siku moja, nikiwa nimefika mruko wa mia moja na kumi, tumbo langu lilitoa mlio ambao hata mwalimu aliusikia. Kijiti aliacha kuhesabu akaanguka chini kwa kicheko. Timu nzima ikalala chali. Nilitamani ardhi ipasuke! Nikaapa: kuanzia leo maharage basi, mboga za majani basi, na matunda yenye maganda basi. Nilikula mkate mweupe na chai yenye sukari nyingi, asubuhi na jioni. Mama hakunikataza. Kwake yeye kitu cheupe ndicho safi.

Bibi peke yake ndiye aliyelalamika. "Mtoto halishwi kama panya wa duka la mikate," alisema. Lakini sufuria yake ya maharage ikaendelea kurudi jikoni nusu.

Baada ya wiki tano hivi, tumbo lilianza vituko. Lilinikata kama mtu anayekamua nguo. Nilikwenda chooni mara nne kwa siku, kisha mara saba. Niliharisha maji, na siku nyingine choo kilitoka na ute. Kila nilipozidi kuugua, mama alizidi kunipa vidonge, na mimi nilizidi kumeza. Mashavu yangu yaliingia ndani. Siku moja uwanjani nilishika kamba nikaruka kumi na saba, nikakaa chini.

"Sabuni, unayeyuka," Kijiti alisema, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Mama alipoambiwa na mwalimu kwamba nimeanguka mstarini, aliomba ruhusa kazini akanipeleka hospitali ile ile anayofanyia kazi. Njiani alinishika mkono kwa nguvu.

"Wakikuuliza habari za dawa," alisema bila kunitazama, "hujameza chochote. Sawa?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Koti lake lilikuwa jeupe pe! Niliona mama akilitazama, nikajua limepita mikononi mwake. Nilisema shikamoo, daktari akaitikia, akanilaza kitandani, akanibonyeza tumbo pole pole huku akiniuliza linauma wapi. Kisha akarudi mezani.

"Ametumia dawa yoyote mwezi huu, mama?"

"Hapana," mama alijibu upesi.

"Hata ya dukani?"

"Hata moja."

Daktari alikuna shavu. "Basi huenda ni bakteria mbaya ameingia na chakula. Tutapima choo. Lakini mtoto amedhoofu na sitaki kungoja majibu, kwa hiyo ataanza antibayotiki leo. Ni vile vidonge vya rangi mbili, nyekundu na njano." Akavuta karatasi, akaanza kuandika.

Nyekundu na njano! Vile vile nilivyokuwa nikimeza wiki zote hizo, na kila nikimeza nazidi kuwa mgonjwa. Mkono wa mama ulikuwa juu ya goti langu, na vidole vyake vilinibana. Nilijua vinasema nini. Nilifikiria mashuka yale, mvuke ule, mama akirudi jioni na miguu imevimba. Nilimfikiria Bibi na sufuria yake bila cha kupika. Nikisema, mama atafukuzwa kwa mdomo wangu mimi mwenyewe.

Lakini kalamu ya daktari ilikuwa inakwenda, na mimi nikasikia maneno ya Bwana Pasi kichwani, kwa sauti ya mama akimwiga: kitu kilichofichwa mfukoni huharibu mashine nzima. Sasa mashine yenyewe ilikuwa mimi.

"Daktari," nilisema.

Vidole vya mama vilizidi kubana.

"Daktari, usiandike. Nimemeza dawa. Nimemeza nyingi. Ni hizo hizo za rangi mbili."

Mkono wa mama uliondoka gotini kwangu. Sikuthubutu kumtazama.

"Nyingi kiasi gani?" daktari aliuliza taratibu.

"Sijui. Karibu wiki saba sasa, kimoja leo, kimoja kesho. Siku nyingine viwili. Vingine nilijichukulia mwenyewe, mama hajui."

"Na umevipata wapi, binti yangu?"

Hapo nilishindwa. Machozi yalianza kunitoka, na nilikuwa nimeuma meno ili nisilie kwa sauti. Ndipo nikamsikia mama akivuta pumzi ndefu.

"Mwache mtoto," alisema. "Ameshasema ya kwake, niache mimi niseme yangu. Mimi ni dobi hapa. Nachambua nguo. Vidonge navitoa kwenye mifuko ya makoti yenu, na badala ya kuviandika, navipeleka nyumbani."

Daktari aliweka kalamu chini. "Makoti yetu?"

"Makoti yenu."

"Hata langu?"

"Lako mara mbili," mama alisema, akainamisha kichwa.

Daktari aliingiza mkono mfukoni mwake. Akatoa kalamu, kitambaa, na pakiti ndogo yenye vidonge vinne. Alivitazama, halafu akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Kumbe na mimi nimo," alisema. "Haya. Makosa tutayapanga baadaye. Kwanza mtoto."

Alichana ile karatasi aliyoanza kuandika. Akageuza nyingine, akachora mstari mnene.

"Huu ni ukuta wa utumbo wako," aliniambia. "Na juu yake, upande wa ndani kinakopita chakula, wanaishi bakteria. Ni wengi kuliko watu wote duniani."

"Tumboni mwangu? Sasa hivi?"

"Mwako, mwangu na mwa mama yako."

Mama alishika tumbo kama mtu aliyeibiwa. "Toba! Mimi ninayenawa mara ishirini kwa siku?"

"Nawa, mama, usiache. Mikono ni mikono. Lakini hawa wa utumboni ni wakazi, na wengi wao ni wema. Heri yako kwamba wapo." Akachora tabaka pana juu ya mstari. "Huu ni ute. Unateleza kama ute wa yai bichi, na mwili huutengeneza kila siku ili kuufunika ukuta. Ndani yake kuna sukari."

"Ya chai?" niliuliza.

"Si ya chai. Ni minyororo midogo midogo ya sukari ambayo mwili wako unaitengeneza wenyewe. Baadhi ya bakteria huitafuna kidogo, mwili nao hutengeneza nyingine. Wanakaa huku juu, ukuta hawaufikii." Kisha chini ya mstari akachora nukta nyingi. "Na hawa hapa ni askari wa kinga ya mwili. Wako nyuma ya ukuta, macho kodo. Maadamu ute ni mnene na bakteria wako mbali, askari wametulia. Tena bakteria wakipata chakula chao hasa, hutoa vitu vinavyoulisha ukuta na kuwatuliza askari. Unajua chakula chao ni nini?"

"Mkate?"

"Mkate mweupe unaisha mwanzoni mwa utumbo kabla haujawafikia. Wao wanangoja nyuzinyuzi, zile zilizomo kwenye maharage, mboga za majani na maganda ya matunda."

Nilimtazama mama. Mama alinitazama. "Nimeacha maharage," nilisema kwa sauti ndogo. "Yalikuwa yananitia aibu."

Daktari alitabasamu kidogo. "Basi wafanyeje? Wenye njaa waliugeukia ute. Wakazila zile sukari upesi kuliko mwili unavyoweza kutengeneza nyingine. Ute ukawa mwembamba, bakteria wakausogelea ukuta, na askari walipowaona karibu hivyo wakaanza vita. Nadhani sehemu ya maumivu yako ni vita hiyo."

"Na vidonge?" mama aliuliza.

"Vidonge hivi havijui nani mwema, nani adui. Wanakufa wote. Sasa wema wakifa, ile sukari ya kwenye ute inabaki haina mlaji. Akipita bakteria mbaya, anakuta meza imeandaliwa na wenyeji hawapo. Ningempa vingine leo, ningezidi kumwandalia."

Mama aliutazama ule mchoro. Mikono yake, iliyokauka kwa sabuni na mvuke, ilikuwa inakunja pindo la nguo yake na kulikunjua.

"Daktari," alisema mwishowe, "shuka ukilichemsha kila siku kwa dawa kali ya madoa, linang'aa kweli. Lakini linachakaa. Ukiliinua unaona taa upande wa pili."

"Ndivyo hivyo."

"Basi nimemfua mwanangu mpaka akachakaa." Na mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akilia hata siku alipoungua kwa mvuke, alilia.

Nilimkumbatia. Nilikuwa na hasira naye na nilimpenda, vyote kwa pamoja.

"Shuka halijishoni," daktari alisema. "Utumbo wake unaweza. Tuupe nafasi tu."

Alinipa chumvi maalumu za kuchanganya na maji ili mwili usikauke, akachukua choo kupima, akapiga marufuku vidonge vyote vya kopo. "Sisemi antibayotiki ni mbaya," aliongeza. "Zinaokoa watu kila siku katika jengo hili. Mgonjwa akipimwa, akaandikiwa, amalize dozi yake yote kama alivyoelekezwa. Lakini dawa ya kubahatisha, ya mabaki, ya mtu mwingine, hiyo hapana."

Tulitoka. Kwenye korido mama alisimama, akajifuta macho kwa kiganja.

"Kesho asubuhi napeleka kopo kwa Bwana Pasi," alisema.

"Nitakwenda na wewe."

"Wewe mgonjwa."

"Mgonjwa wa tumbo, si wa miguu. Mimi ndiye niliyesema, mama. Siwezi kukuacha uende peke yako."

Alitaka kubisha, akaniona uso, akaacha.

Asubuhi tulimkuta Bwana Pasi mlangoni mwa chumba cha kufulia, suruali imenyooka, daftari kwapani. Mashine zilikuwa zinanguruma.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba. Mbona na mtoto leo?"

Mama aliweka kopo mezani, chini kabisa ya ile sheria iliyobandikwa ukutani. "Vitu vya mfukoni," alisema.

"Vya jana?"

"Vya mwaka mzima."

Bwana Pasi alifungua kopo. Alitazama ndani, akamtazama mama, akanitazama mimi na mashavu yangu yaliyoingia ndani. Nadhani alielewa nusu kabla mama hajaanza kueleza. Mama alieleza yote, hata lile neno "hapana" alilomwambia daktari, na hakujitetea hata mara moja. Wenzake wawili wa meza ya kuchambulia walijifanya wanakunja mashuka, masikio yakiwa kwetu.

"Unajua adhabu yake?" Bwana Pasi aliuliza.

"Najua."

"Na bado umekuja?"

"Nimekuja."

Alifunga kopo, akalifungua tena, akalifunga. Nilikuwa nimeshika upande wa meza kwa mikono yote miwili.

"Ningelikuta kopo hili mimi mwenyewe," alisema, "leo hii ungeacha kazi. Lakini umelileta kwa mikono yako. Barua ya onyo utaipata. Meza hii utaiacha, utakwenda kwenye mashine ya kunyoosha mashuka miezi sita."

"Asante."

"Usiniambie asante, kule kuna joto la kuivisha mkate." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ndiye uliyesema?"

"Ndiyo, mzee."

"Uliogopa?"

"Sana."

"Hata sasa unatetemeka," alisema, akasukuma kiti kuelekea kwangu. "Kaa hapo, unywe maji yako ya chumvi. Mimi na mama yako tutaviandika kimoja kimoja, halafu vyote vinakwenda duka la dawa la hospitali wakaviteketeze."

Majibu ya kipimo yalitoka baada ya siku tatu. Bakteria mbaya hakuwepo. "Umenusurika," daktari alisema. "Sasa kazi ni yako."

Na kweli ilikuwa kazi, msidanganyike! Mnadhani tumbo lililoachishwa maharage linayapokea kwa vigelegele? Bibi alinianza na kijiko kimoja kwa siku, maharage yaliyopondwa laini. Tumbo likavimba kama mpira. Siku ya nne nilitaka kuacha.

"Bibi, yananikataa."

"Hayakukatai, yanakuzoea. Hata mimi babu yako ilinichukua miaka miwili kumzoea. Kijiko kingine kesho."

Wiki ya pili vikawa viwili, na mboga za majani kiganja kimoja. Wiki ya tatu vikawa vinne, na tunda pamoja na ganda lake, limeoshwa lakini halikuchemshwa. Mama alilitazama ganda lile likiingia mdomoni mwangu kama mtu anayemtazama nyoka akiingia chumbani, lakini hakuninyang'anya. Nilikuwa nimebandika karatasi ukutani juu ya kitanda, nikaandika kila siku vijiko nilivyokula na miruko niliyoruka. Miruko ishirini. Ishirini na sita. Kumi na tisa, siku mbaya. Arobaini. Safari za chooni zikapungua, kisha zikawa za kawaida.

Mashindano ya shule yalifika nikiwa kwenye miruko tisini. Haikutosha. Nilimwambia mwalimu mimi mwenyewe, kabla hajaniuliza, kwamba Kijiti aruke na mimi nizungushe kamba. Niliumia, sitaficha. Lakini nilizungusha kwa nguvu zangu zote, na Kijiti akatuletea nafasi ya pili, akiruka huku anaongea.

Wiki nne baada ya hapo, mchana mmoja uwanjani, nilishika kamba yangu ya mipini iliyopinda. Kijiti alihesabu. Hamsini. Themanini. Mia moja. Nilipofika mia moja na kumi, mahali pale pale, tumbo langu likapiga mlio mrefu kama mlango usiotiwa mafuta.

Uwanja mzima ulisikia. Kijiti alifumba mdomo kwa mkono.

"Hesabu!" nilimfokea huku naruka. "Hao ni wakazi wangu wanakula! Hesabu!"

Alihesabu huku machozi ya kicheko yanamtoka, nami niliruka huku nacheka, na kamba haikunigusa mguu mpaka mia mbili na kumi na tatu.

Jioni ile nilimkuta mama jikoni. Lile kopo la biskuti lilikuwa limerudi nyumbani, Bwana Pasi alimruhusu. Bila shaka lilikuwa limechemshwa, mara tatu kwa jinsi nimjuavyo mama, na sasa lilikuwa limejaa maharage makavu. Mikono ya mama ilikuwa na alama nyekundu za joto la mashine ya kunyoosha. Nilimwambia mia mbili na kumi na tatu. Alinivuta akanikalisha karibu naye.

"Mwanangu, miaka yote nimekufundisha kumwogopa mdudu," alisema. "Hilo silijutii, mikono michafu inaua. Lakini dawa ambayo hukupimwa ukaandikiwa, nayo inaumiza, na kitu kisichokuwa chako hakiwi chako kwa sababu mwenyewe amekisahau. Nilikuambia ukifungua mdomo tutakosa chakula. Ungenisikiliza, ningekuwa na kazi na sina mtoto. Hilo silisahau, na wewe usilisahau."

"Sitasahau, mama."

"Na vidonge ulivyopandia stuli, hilo nalo usilisahau," Bibi alidakia kutoka kwenye kiti chake, akiwa amefumba macho.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa mlangoni kama kawaida.

"Mikono?"

"Nimenawa."

"Kucha?"

"Nimekata."

"Mdudu ana mlango?"

"Mbaya hana. Mwema yumo ndani tayari, na amekula maharage."

Mama alitaka kucheka, akajizuia. Alinitazama usoni, akauliza swali jipya, ambalo tangu siku hiyo huniuliza kila asubuhi.

"Na mfukoni?"

Niligeuza mifuko yote miwili ya sketi yangu nje, mitupu, aione.

"Hakuna nilichoficha, mama."

Akasogea kando, nikapita.